Siku za Soko za Bi Yun

Nilidhani Bi Yun anatukwepa. Nilimweleza hivyo Sia, mfanyabiashara wa nguo kutoka Moshi ambaye mimi humtafsiria Kichina ninapopata nafasi chuoni, na naona haya kwamba nilitamka jambo lile kwa uhakika wa msomi. Mama huyo Mkorea alikuwa na duka la vifungo kando ya Kangle, mtaa wa washonaji katika jiji hili la Kichina. Mara mbili tulikuta mlango umeshushwa mchana, naye tukimsikia akizungumza ndani.

Mara ya tatu Sia aligonga.

"Mwambie, Mwalimu, sare za kwaya haziendi Moshi bila vifungo."

Bi Yun alifungua, simu mkononi, akatuonyesha viti. Kwenye kioo cha simu alionekana mzee amechuchumaa nyuma ya mafungu ya vitunguu saumu. Ni baba yake, alituambia. Mji wao mdogo huko Korea huwa na soko katika tarehe zinazoishia na tatu au nane. Watu wa vijijini hushuka, na mama wa meza ya jirani humshikia mzee simu. Mlango aliushusha ili kelele za cherehani za mtaani zisimmeze.

Nilipomtafsiria Sia, alicheka. "Kumbe ni siku ya soko. Na wewe na digrii zako ukasema anatukwepa. Haya, muulize mzee fungu bei gani, na asinipige."

Swali lilipita kwangu, likapita kwa Bi Yun, likafika. Mzee aliinua fungu moja.

"Anasema kwako ni bure," Bi Yun alisema, "ila uje ulibebe mwenyewe."

Simu ilipokatwa, nilimkiria Bi Yun kosa langu. Hakukasirika. Alikuwa amejiapiza kwamba siku baba yake atakaposhindwa kulima, atafunga duka alilolijenga kwa miaka kumi na tisa, arudi kumtunza.

"Kwa hiyo kila soko namkagua," alisema, akihesabu vifungo vya Sia. "Nikiona ana cha kuuza, nafungua mlango."

Mwezi wa Juni Bi Yun alikwenda kumsaidia baba yake kuvuna, na hakurudi. Ujumbe wake ulinifikia Agosti: shamba lilikuwa limeuzwa miaka mitatu nyuma, na vitunguu vile mzee alikuwa akiviazima kwa mama wa meza ya jirani, akimrudishia kila simu ilipokatwa.