Wakandarasi wa Filimbi

Ukifika Lupepo ukauliza nyumba ya Ikupa, mama yake Boazi, utaulizwa kwanza, "Yule wa filimbi?" Ndiye huyo huyo. Mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya kupasua masikio, aliyewaongoza kwa misimu kadhaa wanawake wanaovuna parachichi za Bwana Prosper, mnunuzi mwenye stoo pale mtaa wa Bagamoyo, Tukuyu mjini. Alikuwa akipuliza filimbi alfajiri, wenzake wanapanda lori la kenta. Akipuliza tena wanashuka shambani, akipuliza tena wanakula. Na wanawake hao wanaoendeshwa kwa filimbi kama wachezaji wa mpira, ukiwauliza wao ni nani, walikuwa wakikujibu kwa maringo kwamba wao ni wakandarasi.

Neno hilo walilipata kwa Ikupa. Siku moja Prosper alimwita ofisini, akamkalisha kwenye kiti cha wageni, akamwambia kwamba kuanzia msimu ule hataki tena habari za vibarua na waajiriwa. Kila mvunaji atatafuta TIN yake, ile namba ya mlipakodi, atasaini mkataba wa kutoa huduma, atakatwa kodi ndogo ya zuio, basi. Michango ya hifadhi ya jamii, fidia, likizo, hayo yote hayatamhusu. "Waeleze wewe, Mama Boazi," alisema. "Wewe wanakusikia." Ikupa alitoka pale kichwa kimemvimba, maana katika maisha yake hakuna bosi aliyewahi kumkaribisha kiti.

Akawaeleza kweli kweli. Jumapili, watu walipotoka kanisani, aliwasimamisha uani na kuwaambia kwamba ukishakuwa na TIN wewe ni mfanyabiashara, si mfanyakazi wa mtu. Kwamba mtu anayelipwa kwa kreti hawezi kuitwa mwajiriwa, mwajiriwa ni yule wa mshahara wa mwezi, kama mwalimu au nesi. Kwamba karatasi ukishaisaini mambo yamekwisha, hata serikali haina la kusema. Na zaidi ya yote, usipokatwa makato unapata zaidi, hivi nani hataki kupata zaidi? Aliyasema yote bila kupepesa macho, na karibu yote hayakuwa kweli. Hakuwa anawadanganya, maskini, aliamini kila neno.

Tumpe ndiye aliyesaini wa kwanza. Huyu walikua naye, wakakaa dawati moja shuleni, wakaimba kwaya moja mpaka wote wawili wakawa na watoto wakubwa. Alipoliona lile neno kwenye mkataba alicheka hadi machozi yakamtoka.

"Mimi mkandarasi! Basi subirini, barabara ya Lufingo naitia lami mwenyewe."

Toka siku hiyo wakawa wanamwita Mkandarasi, na yeye anaitika.

Sasa tufike pale ambapo Ikupa mwenyewe hapendi pafikiwe. Walikuwa Lufingo, kwenye shamba la mteremko, jua linaelekea kuzama, na manyunyu yameanza. Wenzao walikuwa wameshateremka barabarani kupakia kreti. Ulibaki mti mmoja, na chini ya mti huo walikuwa wawili tu, Ikupa na Tumpe. Tumpe alikanyaga kidato cha kwanza cha ngazi, akarudisha mguu.

"Mama Boazi, inateleza hii. Tuuache, tuje kesho."

Ikupa alikuwa ametoka kufokewa na Prosper kwenye simu, gari limechelewa, mteja anasubiri. Hasira aliyoshindwa kumrudishia bosi akaihamishia kwa rafiki yake.

"Panda bwana, usinicheleweshee gari! Kama hutaki, kesho usije. Wanaoitaka nafasi yako wamejaa tele."

Tumpe akapanda.

Alipoanguka alitanguliza nyonga, kichwa kikafuatia kwenye jiwe. Alizinduka hospitalini siku iliyofuata, anawatambua watu wote, ila alasiri ile ilikuwa imefutika kabisa. Alikumbuka walipokula mchana, na baada ya hapo hakukumbuka kitu. Nyonga ilifungwa vyuma, na madaktari wakamwambia magongo ayazoee, na miti asahau.

Prosper alituma sukari na mchele. Wanawake walipomuuliza habari za matibabu, alikunja uso palepale stoo, mbele ya wote. "Pole yake, lakini mkandarasi anajibeba mwenyewe, ndiyo maana ya ukandarasi. Na nani alimwambia apande kwenye mvua? Tamaa ya kreti hiyo." Akamgeukia Ikupa. "Au nasema uongo, Mama Boazi?"

Ikupa aliangalia gambuti zake. Angeweza kusema pale pale. Alimfikiria Boazi aliyekuwa chuoni Mbeya, akafikiria ada, akafikiria kile kiti cha wageni, akanyamaza. Kabla wiki haijaisha, Lupepo nzima ilikuwa inajua kwamba Tumpe aliponzwa na tamaa.

Hapo ndipo roho ilipoanza kumsuta, na haikumpa nafasi. Alikwenda kwa Tumpe kila alipopata mwanya, amebeba unga wa uji, amebeba sabuni, anafua mashuka bila kuombwa. Kila akienda alikuwa ameshayapanga maneno njiani, na kila akifika anakimbilia ndoo ya kufulia. Mama yake Tumpe, bibi wa watu ambaye Kiswahili chake kimejaa Kinyakyusa, alikuwa akimshika mikono miwili.

"Ndaga fijo, asante sana, mwanangu. Mungu akubaliki sana. Bila wewe kumpeleka hospitali, huyu angefia kule kule shambani."

Na hamwachi aondoke mikono mitupu, lazima ampe mkungu wa ndizi. Ndizi hizo Ikupa alishindwa kuzila. Aliwagawia majirani, akawa analala na njaa na kujiita mshenzi gizani, mumewe akidhani anaumwa malaria.

Nesi mmoja aliyekuwa akimhudumia Tumpe ndiye aliyemshauri apeleke habari kwa afisa kazi. Afisa akaja kutoka Mbeya, mama mmoja mtaratibu anayeitwa Felista, akaazima chumba kwenye ofisi za halmashauri, akawaita wote. Prosper aliweka mikataba mezani, imepangwa vizuri, na TIN za kila mtu juu yake. Felista aliufungua mmoja, akausoma, akausogeza kando.

"Karatasi hizi nimeziona. Lakini sheria haiangalii karatasi imemwita mtu nani, inaangalia kazi inafanyikaje. Na TIN ninayo hata mimi, Bwana Prosper, na nimeajiriwa na serikali." Akamgeukia Ikupa. "Mama, saa za kuanza kazi nani anapanga?"

"Mimi. Kwa filimbi."

"Ngazi na mikasi ya kuvunia ni ya nani?"

"Ya kampuni."

"Tumpe akiugua, anaweza kumleta mdogo wake avune badala yake?"

"Hapana. Bosi hataki sura ngeni."

"Na akitaka kumvunia mnunuzi mwingine?"

"Akionekana huko anafukuzwa."

Ikupa alikuwa akijibu na jasho linamtiririka, kwa sababu kila jibu lilibomoa kitu alichokijenga mwenyewe siku ile uani kanisani. Wenzake walikuwa kwenye benchi nyuma yake, hawacheki. Prosper alikuwa amemtolea macho.

"Swali la mwisho," alisema Felista. "Mkandarasi wa kweli akiona kazi ni ya hatari anaweza kusema leo sifanyi, nitafanya kesho. Siku ile, Tumpe angeweza kukataa kupanda?"

"Alipanda kwa hiari yake," Prosper akadakia. "Hakuna aliyemlazimisha."

Na hapo Tumpe, ambaye muda wote alikuwa ameegemea magongo yake, akasema taratibu, "Ni kweli, afisa. Mimi sikumbuki, lakini ndivyo wanavyosema wote. Nilitamani kreti moja zaidi."

Ikupa alisimama. Hakuwa ameambiwa asimame.

"Si kweli," alisema, na ile sauti yake ya kupasua masikio ikatoka kama ya mgonjwa. "Hakutamani kitu. Aliniambia ngazi inateleza, tuje kesho. Mimi ndiye niliyemwambia apande, nikamwambia asipopanda asije tena kazini. Asingeweza kukataa. Ningemfukuza."

Felista aliandika alichoandika, kisha akasema kwamba kwa aliyoyasikia, Tumpe alikuwa mwajiriwa toka siku ya kwanza, chochote alichosaini, na dai lake la fidia litaendelea kama la mwajiriwa mwingine yeyote. Wanawake wakapiga vigelegele. Prosper alichukua funguo za gari lake, akapita mbele ya Ikupa, akamwambia kesho filimbi aiache stoo.

Ikupa alikuwa anamtazama Tumpe anavyojikokota kutoka nje, akamfuata hadi barazani.

"Nisamehe," alimwambia. "Nisamehe, mwenzangu. Nimekuvunja nyonga."

Tumpe alisimamisha magongo. Alimtazama, macho yamemjaa maji. Na siku hiyo hakumwita Mama Boazi, alimwita kwa jina lake.

"Nyonga ningekusamehe siku ile ile, Ikupa. Lakini miezi yote hii namwomba Mungu anisamehe tamaa yangu. Kupiga magoti siwezi, naomba nimelala. Na wewe ulikuwa unakaa pale pale kitandani kwangu, unaitikia amina."