Kisanduku cha Kikohozi

Watu wakisikia kwamba nilipiga gitaa la solo Tabora miaka ile ya Ujamaa, huniuliza habari za dansi na suruali za bugaluu. Hakuna anayeniuliza habari za kitu kilichoninyima raha, yaani kisanduku cha mninga nilichokuwa nakikanyaga kwa mguu ili gitaa litoe sauti ya kukwaruza. Wenzangu wa bendi walikiita kikohozi, nao walicheka sana kwa jina hilo. Mimi sikucheka.

Sauti yenyewe niliisikia mara ya kwanza kwa bendi moja ya ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, iliyoshuka kwenye treni ya Kigoma ikapiga dansi mjini kwetu. Mpiga solo wao alikanyaga kidude cha chuma, gitaa likanguruma, likaivuta noti moja mpaka nikasahau bia yangu mkononi. Muziki ulipokwisha nilimfuata nikamwomba anifungulie nione ndani. Nikaona transista mbili, vikorokoro vichache na waya. Nikajiambia hiki hata mimi nakitengeneza. Ujinga gani ule.

Hakikuwa kitu cha kununulika. Sabuni tu leo ilikuwepo, kesho haipo. Nani angeagiza kutoka nje kidude cha kuharibu sauti ya gitaa? Hata magitaa yetu yalikuwa mali ya shirika lililotuajiri. Asubuhi tulipima tumbaku ghalani, jioni tukawa wanamuziki. Basi nikaanza kuchokonoa redio mbovu. Mzee mmoja wa Kiarabu, fundi redio pale sokoni, aliniruhusu nichague transista kwenye kopo lake la makorokoro, nami nilizijaribu moja moja kwa sikio. Nyingine zilikuwa bubu. Nyingine zilipiga mluzi. Nilipoweka kapasita ndogo, gitaa likawa mbu. Nilipoweka kubwa, likawa ng'ombe mwenye mafua. Nililehemu na kulehemua mpaka vidole vikaungua.

Lililonitoa machozi hasa ni joto. Asubuhi kisanduku kinaimba vizuri, mchana jua likiwaka kinageuka mtu mwingine. Tulipokwenda Igunga msimu wa pamba, kwenye ukumbi wa mabati, kilianza kulia chenyewe kabla sijagusa nyuzi, na bwana mmoja akapanda jukwaani kutuarifu kwa heshima zote kwamba spika yetu imepasuka. Tangu hapo nikawa nakizungushia kitambaa chenye maji na kukilaza kando ya mtungi.

Mwishowe nikagundua kwamba siri ya sauti yenyewe ilikuwa betri. Betri mpya ziliifanya sauti iwe kali, isiyo na adabu. Lakini betri mbili zilizochoka, zile ambazo kwenye tochi zinatoa mwanga wa rangi ya chai, ziliipa uzito na mkwaruzo niliokuwa nautafuta. Kazi ikawa ni kuzichosha. Nilikuwa nakaa na mama yangu, basi nikazitia kwenye tochi yake, naye akazitumia akilalamika kila siku kwamba haioni njia ya chooni. Zilipofika pale nilipopataka nikazitoa, nikaziweka kabatini kama dhahabu. Sikumweleza sababu. Ningeanzia wapi?

Kisha tukaarifiwa kwamba gari la kurekodi la redio linakuja Tabora. Kila bendi ingepewa zamu yake ukumbini, mchana, na gari likiondoka hakuna aliyejua litarudi lini. Nilikuwa nimetunga wimbo, na katikati yake nimeacha nafasi kwa ajili ya sauti ile. Nilitaka kitu kimoja tu: mkwaruzo wangu uingie kwenye utepe, nchi nzima iusikie, nisiambiwe tena kwamba spika imepasuka.

Siku ya kurekodi niliziweka betri mezani, nikaenda kuwasaidia wenzangu kubeba vyombo. Niliporudi nikazitia mfukoni, nikachukua kisanduku na kitambaa chake, nikakimbia. Betri zilikuwa na uvuguvugu, lakini Oktoba ya Tabora hata kijiko kina uvuguvugu.

Zamu yetu ikafika. Solo ilipoingia nikakanyaga, na kisanduku kikatoa ukelele uliomfanya mpiga ngoma aache kupiga. Nikazungusha vifundo vyake huku, nikazungusha kule, nikakipiga konde. Fundi mitambo wa redio akavua hedfoni zake.

"Ndugu, chomoa hicho. Wenzako wanasubiri."

Kiongozi wa bendi alikichomoa mwenyewe, bila kunitazama. Tukaurudia wimbo. Gitaa langu likatoka safi, kama mtoto aliyepakwa mafuta akapigwe picha. Niliwachukia wote waliokuwa mle ukumbini.

Nyumbani mama alinipokea mlangoni.

"Zilipata nguvu?"

Nikamuuliza nini.

"Betri. Nilizikuta mezani zimekufa, nikazianika kwenye bati. Nilizigeuzageuza, zikolee jua, kisha nikazirudisha mezani."

Nani Tabora hakuanika betri siku zile? Juu ya mabati zililala pamoja na mboga za kukausha. Mimi mwenyewe nilizianika utoto wangu wote, na bado sikukumbuka kuzificha. Nikamwambia zilipata nguvu sana. Akafurahi, akaniletea maji ya kunawa. Nilikwenda uani nikakipiga kisanduku teke, na mninga ni mti mgumu; ukucha ulinitoka.

Miezi ikapita. Alasiri moja tumekaa mkekani, wimbo wetu ukatangazwa. Betri za redio zilikuwa hoi, na madukani hazikuwepo. Ulipofika kwenye solo, ile spika ndogo ikashindwa kulibeba gitaa. Likakwaruza, likawa zito, likaivuta noti ile ile na kuikohoa, jinsi nilivyolitafuta miaka yote. Nilisimama.

Mama akakunja uso. "Maskini, wanakuharibia wimbo wako," akasema, akakigeuza kiredio kufungua mfuniko wa nyuma.

"Mama, ziache hivyo hivyo."

Alikuwa ameshazitoa. Alizisugua kwa upindo wa khanga, moja moja, kwa upendo wote aliokuwa nao, akazirudisha. Redio ilipopata sauti, mtangazaji alikuwa anasoma matangazo ya vifo.