Matunda ya Mgonjwa

Kazini, fundi bomba mmoja alikuwa na mdomo kama cherehani. Ukweni alikuwa bubu. Ndoa yake ilikuwa bado mbichi, na siku ile mkewe alikuwa kazini, basi akaenda peke yake kuzibua sinki la mama mkwe. Alishinda chini ya sinki bila kutia kitu tumboni, maana aliona haya kusema ana njaa.

Alipoinuka, aliona mezani bakuli la matunda madogo meusi, yale ya vichaka vya miiba nyuma ya kiwanda cha matofali. Akaonja moja. Likaita la pili, la pili likaita wenzake. Kufumba na kufumbua, bakuli likawa jeupe.

Mama mkwe akaingia na kijiko. "Yako wapi matunda ya baba yenu? Tangu augue, hakuna kingine kinachompita kooni."

Fundi akainamia vifaa vyake. "Sijui, mama," akasema.

Mama akamgeukia binti yake mdogo aliyekuwa akifua uani. "Wewe! Ulafi wako utatuaibisha mbele ya mkwe!"

"Wallahi sijagusa, mama!" Binti akamtazama shemeji yake, akatazama midomo yake, kisha akainamisha macho na kuendelea kufua huku machozi yakimdondoka. Hakumtaja.

Fundi aliponawa mbele ya kioo ndipo alipojiona: midomo, meno, ulimi, vyote zambarau. Akatamani ardhi ipasuke. Akachukua ndoo yake, akatoka bila kuaga.

Kichakani alichuma kwa pupa. Miiba ikamkamata shati, kisha suruali, na kila alivyojinasua ndivyo alivyozidi kunasa. Alipovuta kwa nguvu, suruali ikachanika nyuma kutoka juu hadi chini. Akaita msaada. Aliyetokea, na kikapu mkononi, alikuwa mama mkwe.

"Tulia, mwanangu. Ukivuta unajichana." Akaanza kumtoa mwiba mmoja mmoja, uso ameugeuzia pembeni.

"Mama, ni mimi niliyekula."

"Nimeshajua. Nilikutazama vizuri nikiwa nimeshamgombeza mtoto. Na mimi nina aibu yangu ya kwenda kuimeza mbele yake."

Walichuma pamoja, fundi amejifunga shati kiunoni. Nyumbani, mama alimshika binti yake mkono, akamwomba radhi. Baba mkwe akala matunda machache, akajiegemeza, akaomba mengine.

Fundi akaenda uani. "Shemeji, nilikuacha ubebe mzigo wangu. Nisamehe."

"Nimesikia, shemeji," akajibu, akakung'uta shuka na kulianika katikati yao. Fundi akabaki amesimama upande wa pili, hajui kama aondoke au amshikie ncha ya shuka.