Maua Yanayolala Kiangazi

Shemeji yangu ni fundi rangi, na kukaa bure hakujui. Mikono yake ikikosa brashi hutafuta balaa. Ndivyo ilivyokuwa dada yangu alipolazwa hospitali.

Dada alikuwa na maua yake ya zambarau, safu nzima chini ya ukuta, toka getini hadi barazani. Hayo hayapandwi kila mwaka. Yana roho ya paka. Kiangazi yanakauka yote, yanabaki mabua tu ungedhani ufagio uliochakaa. Mvua ikishika udongo, yanachipua yenyewe kutoka kwenye mizizi. Na mizizi hiyo aliibania kweli kweli. Hata mimi, mdogo wake wa tumbo moja, nikiomba kipande alinikaribisha chai tu, mzizi sipewi.

Daktari aliposema dawa zimefika mwisho, tumrudishe tu nyumbani, shemeji alitaka mkewe aikute nyumba inang'aa. Akapaka ukuta upya. Akayaona yale mabua, akadhani maua yamekufa kwa kukosa mwenyewe. Akayang'oa na mizizi yake, akayachoma, akalainisha udongo.

Nilipofika nilimfokea mpaka jirani akachungulia.

"Shemeji, umefanya nini? Yale yalikuwa yamelala tu!"

Akakaa chini palepale, jembe mkononi. Hasira zikaniisha, nikabaki kumhurumia.

Dada tulimwingiza kwa mlango wa uani. Nani angekuwa na ubavu wa kumwambia? Kutoka kitandani, kupitia dirishani, aliona sehemu ya juu ya ukuta tu, akausifu. Kisha akasema, "Namwomba Mungu anifikishe mvua. Nikishayaona yametoka, basi, sina deni naye."

"Utayaona, mke wangu," shemeji akajibu.

Jikoni aliniambia kwa sauti ya chini, "Watu wote wanaomba mvua, shemeji. Mimi naomba ichelewe. Sasa mimi ni mtu wa namna gani?"

Nilijua maana yake. Ichelewe mpaka dada awe ameondoka. Nilitaka kumkaripia tena, nikashindwa, kwa sababu na mimi nilikuwa naomba hivyo hivyo.

Mvua haikutusikiliza. Ilinyesha mfululizo, na jua lilipotoka dada akamwita mumewe.

"Fundi, nibebe nikaone."

Akambeba. Alikuwa amekwisha, hana uzito wowote. Akamkalisha kwenye kiti barazani, na dada akaufuata ukuta kwa macho mpaka getini. Udongo mtupu.

"Yako wapi?"

"Niliyang'oa, mke wangu. Ulipokuwa hospitali yalikauka, nikadhani yamekufa."

Hakumgombeza. Afadhali angemgombeza.

"Yanakauka kila kiangazi," alisema taratibu. "Kila kiangazi, tangu umenioa. Kumbe hukuwahi kuyatazama, Fundi?"

 Dada akaomba arudishwe ndani.