Baba Alala Nje ya Hema

Tangu mama afariki, baba alikuwa hapati usingizi nyumbani kwangu Kiseke. Alikuwa amechunga ng'ombe maisha yake yote, na alilalamika kwamba kuta zinambana. Basi Jumamosi moja niliazima hema, tukaenda ng'ambo ya Kigongo, kwenye ufukwe wa wazi wa ziwa ambako mtu hulala bila kulipa. Baba alilitazama hema, akatandika mkeka wake nje.

Asubuhi nilitoka nikamkuta bado amelala, jua limeshampiga usoni. Nikahofia amemfuata mama. Nikamtikisa bega.

"Baba! Shikamoo, baba!"

"Marahaba," alijibu bila kufumbua macho. "Niache nilale, mwanangu."

Nilikaa mchangani nikacheka peke yangu, machozi yakinitoka. Alikoroma hadi saa nne, nami nikachemsha chai taratibu nisimwamshe.