Mkunga Aliyekosa Jina Lake

Ndugu zangu, aibu ya siku ile pale Kapkatet nilijitafutia mwenyewe.

Nilikuwa mkalimani wa kijana Mzungu aliyekuja kuandika tasnifu ya udaktari kuhusu ukunga wa Kipsigis, na aliyemfundisha zaidi, majuma matatu mazima, ni mama mkwe wangu (nikitafsiri nimempa mgongo, kwa heshima). Siku ya mwisho kijana akauliza jina lake. Kwetu mume hatamki jina la mama mkwe hata nyumba ikiwaka moto, na mke wangu Rebeka alikuwa shambani, basi badala ya kumngoja arudi nikataja la jirani, Tapnyolei. Nikajiambia makaratasi yanakwenda Ulaya, nani atayasoma?

Baada ya miaka miwili posta ikaleta nakala nzima, jalada jekundu, na barua kwamba ikae shuleni, asome yeyote anayetaka. Mwalimu mkuu akaita watu, akanipa niwasomee. Mama mkwe alikaa na akina mama, amenipa mgongo, kitambaa kipya kichwani, akingoja kusikia ameandikwa. Nikafungua ukurasa wa kumi.

"Umeruka shukrani, Bwana Mkalimani," mwalimu akasema.

Nikasoma kwamba mwandishi anamshukuru mkunga hodari, Tapnyolei. Tapnyolei (hajawahi kuzalisha hata mbuzi) akasimama, akawapungia watu mkono. Kicheko kikazuka.

Mama mkwe hakucheka. Akamwambia Rebeka, si mimi, "Mwulize mume wako, ile mikono niliyomwonyesha mgeni ilikuwa ya nani?"

Nikakiri kila kitu pale pale.

"Si mngeniachia sifa hiyo hadi jioni," Tapnyolei akanung'unika akiketi.

Nilimwomba mwalimu aifungie nakala ile kabatini. Akakataa, akasema ingefungiwa tangu mwanzo, kosa langu lingebaki kuwa kweli, tuandike barua. Rebeka ndiye aliyeandika. Kijana akajibu akiomba radhi sana, akisema nakala ya chuo chao imesahihishwa, na akatuletea karatasi ya kubandika kwenye yetu.

Mama mkwe hakujua kusoma. Rebeka alimwonyesha mahali, naye akaweka kidole juu ya jina lake, akakiacha hapo muda mrefu, huku wasichana wawili wanaosomea uuguzi wakisubiri zamu yao ya kuusoma ukurasa wake.

Siku hizi nikiulizwa jina la mkwe namwita Rebeka, hata kama yuko ng'ambo ya mto, na kila ninachoandika naandika nikijua mama mkwe atasomewa.