Kidole cha Barieri

Juzi jirani yangu hapa Mususa, mtaa wa Butembo, aliosha sakafu ya duka lake kwa dawa ya klori, na mimi mtu mzima nikasimama mlangoni, miguu imekataa kuingia. Mwaka ule wa Ebola harufu hiyo ilikuwa kila mahali, hata wali tuliula ukinuka klori.

Nilikuwa mtoto, tumetoka Mavivi na mama kukimbilia kwa bibi, Butembo. Siku chache kabla, watu wenye silaha waliingia kwetu, mmoja akamwekea baba bastola kwenye paji la uso. Walichukua pikipiki, baba wakamwacha mzima. Mimi nilikuwa chini ya meza, nikiangalia kidole kwenye chuma.

Kwenye barieri, kile kizuizi cha barabarani, abiria wote wa basi tulishuka, tukanawa mikono, tukapanga mustari kupimwa homa. Muuguzi mwenye barakoa akaninyooshea kipima joto kwenye paji la uso. Niliona kidole kinabonyeza. Nikakimbilia majanini.

Wakati ule aliyekimbia kipimo alihesabiwa mgonjwa.

"Uyu mutoto iko na homa, bamubebe," mama mmoja wa basi alisema, na wengine wakajitenga nasi. Kubebwa ni kupelekwa kwenye mahema ya wagonjwa, mama akibaki nje ya uzio. Mama alinishika hadi kucha zikaniumiza, akawaambia, "Mwenye nyoka ilimuluma, ata kamba anaogopa. Hapana mubebe mutoto wangu."

Muuguzi alipiga magoti, akanipima shingoni. Sikuwa na homa. Kwenye basi walituachia kiti kizima peke yetu, na hiyo angalau ilikuwa raha.

Juzi hiyo jioni, baada ya ile klori, nilimuuliza mama: yule wa barieri, alikuwa mwanaume ao mwanamke?

Mama aliniangalia sana. "Masika, haukumujua? Ni Mama Mudogo Kahindo."

Mdogo wake, niliyelala naye kitanda kimoja Mavivi mpaka akapata kazi ile. Mama anasema alishusha barakoa, kitu walichokatazwa, akaniita jina langu tena na tena. Sikuona uso, sikusikia jina. Woga ulikuwa umenichagulia cha kuona, ukachagua kidole. Hata leo mtu akija dukani kwangu naanza na mikono yake, uso unafuata.

Noeli ile mama mdogo alikuja Butembo, nikamrukia shingoni kama zamani. Alilia sana, na mimi nikadhani ni furaha.